Ng'ombe wa maonyesho anayejaa gesi kila mara: jinsi ya kumhudumia mpaka umfikishe Nane Nane mzima

Ng'ombe akikata kamba akaingia kwenye kunde za jirani akavimba, hiyo inaeleweka, anatibiwa na maisha yanaendelea. Hapa naongelea yule ambaye leo kajaa gesi mkamnywesha mafuta akapona, wiki ijayo kajaa tena, mwezi unaofuata tena. Na inauma zaidi akiwa ndo yule dume au mtamba unayemuandaa kwa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, umemlisha vizuri, umemuogesha, umemfundisha kutembea na kamba hatishwi na watu, alafu kila ukimuongezea pumba kidogo ubavu wa kushoto unapanda. Huku kwetu Tanga, kuanzia Pongwe mpaka Muheza na Mkinga, ng'ombe wa namna hiyo wengi wanaishia machinjioni kwa bei ya hasara au wanakufa usiku mwenyewe amelala, na wengi wao walikuwa ni wa kupona kabisa kama mtu angekaa chini akatafuta sababu.

Maana kitu cha kwanza kukijua ni hiki, gesi ya kujirudia sio ugonjwa wenyewe, ni dalili. Kuna kitu kinamzuia ng'ombe asibeue, au kuna kitu kwenye chakula kinaifanya gesi ishindwe kutoka, na mpaka ukijue hicho kitu utakuwa unanunua dawa kila wiki na ng'ombe yuko vilevile.

Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa linabeba lita mia na zaidi. Mle ndani majani yanachachuka muda wote, usiku na mchana, na gesi inayotengenezwa inaweza kufika lita 30 mpaka 50 kwa saa moja. Yote hiyo karibu inatoka kwa mdomo, ng'ombe anabeua kimyakimya wewe hata huoni. Sasa fikiria njia hiyo ikizibwa kwa saa mbili tu, gesi haina pa kwenda, tumbo linasukuma mapafu, ng'ombe anakosa pumzi. Ndo kinachomuua, pumzi, sio tumbo kupasuka kama watu wanavyosema.

Alafu gesi ziko za aina mbili na usipozitofautisha utapoteza hela. Kuna gesi ya povu, hii gesi imechanganyikana na maji ya tumboni imekuwa povu zito, ng'ombe anataka kubeua lakini povu halibeuliki. Inaletwa na chakula, majani machanga ya mikunde au pumba zilizosagwa laini mno. Na kuna gesi tupu, imekaa juu ya chakula kama inavyotakiwa ila njia ya kutokea ina tatizo, au tumbo lenyewe limechoka halisukumi. Anayejaa mara kwa mara huku wenzake wanaokula naye hori moja wako salama, mara nyingi ni huyu wa gesi tupu. Kama banda zima linajaa jaa, au watatu kwa mpigo, lawama ni ya chakula.

Siku ambayo amejaa

Simama nyuma yake umtazame kwa utulivu. Lile shimo la ubavu wa kushoto, mbele ya nyonga, kwa ng'ombe mzima limebonyea kidogo au liko sawa. Likijaa mpaka limelingana na mgongo au limepita, ukipiga kwa vidole linalia kama ngoma, hapo tayari. Akiwa bado anatembea, anapumua kawaida, una muda. Ila akianza kutoa ulimi, mate yanachuruzika, anapumua kwa mdomo, anapepesuka, huna muda kabisa, mpigie daktari wa mifugo huku unafanya kazi, usisubiri afike ndo uanze.

Muondoe kwenye chakula, msimamishe miguu ya mbele iwe juu kuliko ya nyuma, hata kwenye kilima kidogo au rundo la mchanga. Gesi inakaa juu, ukimuinua mbele mdomo wa tumbo unakuwa kwenye gesi badala ya kwenye chakula. Kijiti cha mti laini unene wa mpini wa jembe kifungwe mdomoni kama lijamu, kamba ipite nyuma ya masikio, atatafuna, mate yatatoka mengi, na mate yanavunja povu. Mtembeze aste aste. Akiwa hajazidiwa sana wengine wanapona hapohapo.

Kama haishuki, bomba. Kila mwenye ng'ombe wa maonyesho awe na bomba lake ndani, tena kabla ya kununua brashi na hizo kamba za mapambo. Mpira laini kidogo, kama ule wa kumwagilia bustani lakini msafi na haujawahi kupitisha dawa za shamba, unene wa sentimita 2 hivi kwa ng'ombe mkubwa na mwembamba zaidi kwa mtamba, urefu mita mbili na nusu. Ncha isuguliwe mpaka iwe ya mviringo isichubue. Utahitaji pia kipande cha bomba gumu cha kuweka mdomoni ili mpira upite ndani yake, la sivyo magego yake yataukata na kipande kitaenda tumboni, sasa una shida mbili.

Pima kwanza kwa nje, kutoka puani mpaka mbavu ya mwisho, weka alama kwa utepe. Mtu mmoja ashike kichwa kikiwa kimenyooka mbele, sio kuvutwa juu mbinguni. Paka mpira mafuta ya kula, ingiza taratibu, mpe nafasi ameze, na uangalie shingo upande wa kushoto utaona au utaushika mpira unavyopita. Akikohoa sana, au hewa inatoka na kuingia kwa kufuata pumzi zake, umeingia kwenye koo la hewa, toa uanze upya. Ukifika tumboni utajua kwa harufu, ile harufu ya majani yaliyochacha haina mfano. Na tafadhali asiwepo mtu na sigara wala jiko la mkaa karibu, ile gesi ina methani na inawaka kweli.

Sasa hapo ndo pa kupata jibu. Gesi ikitoka kwa kishindo na tumbo likashuka, hiyo ni gesi tupu, usimnyweshe mafuta wala chochote, hayatamsaidia, kazi yako ni kutafuta kwanini haibeuliki. Mpira ukitoa povu tu, kidogo kidogo, na tumbo halishuki, ni gesi ya povu, na bomba likiwa palepale mimina mafuta ya kula, alizeti au mawese au yoyote ya jikoni, robo lita mpaka nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, mtamba robo inatosha. Duka la dawa za mifugo wana dawa za kuvunja povu zenye simethikoni au poloksaleni, ukiwa nayo ni nzuri zaidi, fuata kipimo cha kwenye chupa. Baada ya hapo mtembeze ili mafuta yachanganyike.

Ukiamua kumnywesha kwa chupa badala ya bomba basi pitisha pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, na akikohoa acha mara moja. Mafuta yakiingia mapafuni hayatoki na atakufa kwa nimonia siku chache baadae, watu wanasema gesi ilirudi kumbe ni ile chupa. Aliyelala ubavu usimnyweshe kabisa, muweke akalie kifua kwanza. Na mambo ya mafuta ya taa, dizeli, oili chafu, jamani tuachane nayo, yanaunguza tumbo, yanaharibu maziwa na nyama, na hakuna inachofanya ambacho mafuta ya alizeti hayafanyi.

Kumtoboa na trokari, ile sindano nene yenye mrija wa kutolea gesi, ni pale pumzi inakata na bomba limeshindikana. Ubavu wa kushoto, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, chini kidogo ya ukingo wa mgongo, ncha ielekee chini na mbele kama unalenga kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Ni kazi ya daktari, na ikifanyika lazima antibayotiki zifuate maana maji ya tumboni yakivujia ndani yanaleta usaha tumboni. Dawa yoyote ya sindano uliza na siku za kutokunywa maziwa yake.

Kutafuta sababu

Chukua daftari. Kila akijaa andika tarehe, saa, alikula nini masaa sita yaliyopita, alikuwa amesimama au amelala, bomba lilitoa gesi au povu, mvua ilinyesha au la. Unaweza kuona kama usumbufu lakini baada ya mara kadhaa utaanza kuona mpangilio, mwingine anajaa kila baada ya pumba za jioni, mwingine kila akifungwa kamba fupi, mwingine hana mpangilio kabisa, na huyu asiye na mpangilio ndo wa kumwita daktari mapema.

Anza na koo. Huku kwetu msimu wa embe na msimu wa machungwa ya Muheza ng'ombe wanaokota vitu vizima vizima, chungwa zima, kokwa la embe, kiazi, kipande cha muhogo. Kikikwama gesi inafungika papo hapo. Papasa shingo upande wa kushoto kuanzia chini ya taya mpaka kifuani. Atakuwa anatoa mate mengi na anajaribu kumeza bila mafanikio. Usisukume kwa fimbo wala usimwage maji au mafuta mdomoni, yataishia mapafuni, mwite daktari. Na kuanzia leo matunda na mizizi katakata ndo uweke horini, hiyo haina gharama.

Kama koo ni safi, fikiria vyuma. Ng'ombe hachambui chakula kama mbuzi, anazoa na kumeza, msumari, kipande cha waya wa tairi lililochomwa, waya za ujenzi, zote zinaenda kukaa tumbo la pili, lililo mbele karibu na moyo. Zikichoma ukuta tumbo linaacha kusukuma sawasawa na gesi inaanza kurudi rudi. Dalili zake ni ng'ombe anayesimama viwiko vimetoka nje, mgongo umepinda juu, anashuka mteremko kwa uoga, anaguna. Kuna kipimo chepesi, mbane ngozi ya mgongoni juu ya mabega kwa nguvu kwa mikono miwili, mzima anainamisha mgongo chini kukwepa, mwenye chuma hataki kuinama kwa sababu inamuuma. Ipo sumaku maalum ya ng'ombe, anamezeshwa mara moja inakaa tumboni maisha yake yote inashika vyuma visitembee. Kwa ng'ombe wa thamani ya maonyesho mimi naona kila mmoja angepewa hata kabla ya shida, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mnyama wenyewe.

Plastiki nazo. Mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini vipande vya viroba, kamba za nailoni, neti chakavu, bado vimejaa pembeni ya barabara na kwenye majani tunayokata mitaroni. Vinajikusanya tumboni miaka, haviozi, vinakuwa donge. Ng'ombe anapungua, anakula kidogo, anajaa gesi za wastani tena na tena, kinyesi kidogo. Hakuna dawa ya kunywesha inayoyeyusha plastiki, usidanganywe. Ni upasuaji wa kufungua tumbo na kuyatoa, madaktari wanaufanya ng'ombe akiwa amesimama kwa ganzi, na wengi wanarudi vizuri tu.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni kifua. Ndama au mtamba aliyeugua nimonia, akapona, alafu wiki kadhaa baadae akaanza kujaa gesi. Kuna matezi yako kifuani karibu kabisa na koo la chakula, yakivimba yanalibana, majani yanapita kwenda chini lakini gesi inashindwa kupanda. Akitibiwa kifua vizuri matezi yanarudi na gesi inaisha yenyewe. Ila kwa ng'ombe mkubwa, hasa anayekonda na kukohoa, kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinavimbisha hayohayo matezi, na hicho kinaambukiza watu kupitia maziwa mabichi. Omba apimwe, na maziwa yachemshwe, hili halina mjadala.

Pia yuko ambaye ukimtazama kwa nyuma amevimba kushoto juu na kulia chini, kaonekana mpana upande mmoja juu na upande mwingine chini, anakula kidogo kidogo na haongezeki. Huyo mshipa wa fahamu unaoendesha matumbo una hitilafu, mara nyingi ni matokeo ya vile vyuma nilivyosema. Matumaini yake ni madogo na ni vizuri daktari akuambie ukweli mapema kabla hujammalizia pumba.

Tumbo lililochoka bila sababu kubwa, mfano baada ya kuharisha, antibayotiki nyingi za kunywa au njaa ya muda mrefu, linasaidika kwa kitu cha bure. Weka ngumi kwenye lile shimo la kushoto uhesabu, tumbo lenye afya linajisukuma mara moja mpaka mbili kwa dakika. Ukisubiri dakika mbili hujasikia kitu au unasikia kwa mbali, vijidudu vya kuchachua vimepungua. Nenda machinjioni asubuhi, omba maji ya tumbo la kwanza la ng'ombe mwenye afya aliyepitishwa na mkaguzi wa nyama, chuja kwa kitambaa, yaweke kwenye dumu yabaki na joto, na uyapitishe kwa bomba mapema iwezekanavyo, lita 3 ndo ya chini kabisa, ukipata 8 ni bora zaidi. Rudia kesho yake. Hii dawa ni ya zamani na inafanya kazi kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwenye makopo.

Ndama wa maonyesho wana yao. Akinyweshwa maziwa ya baridi, au kwa ndoo kwa pupa, au kwa saa zisizoeleweka, maziwa yanaingia tumbo la kwanza badala ya kwenda moja kwa moja la nne, yanaoza humo anavimba kila baada ya kunywa. Tumia chuchu, maziwa yawe na joto la mwili nyuzi 38 au 39, saa zilezile kila siku, na chuchu iwe kimo cha kichwa chake akinyoosha shingo kama kwa mama yake. Wengi wanaacha ndani ya siku chache.

Chakula, hapa ndo kazi yenyewe

Ng'ombe wa maonyesho anaumwa gesi kwa sababu tunamharakisha. Mwezi wa sita umefika, mtu anaona mwenzie dume lake limeng'aa, anaongeza pumba maradufu ndani ya wiki. Tumbo halibadiliki hivyo. Vijidudu vinahitaji wiki mbili mpaka tatu kuzoea chakula kipya, ukiharakisha asidi inapanda, tumbo linalegea, ute unaongezeka, povu linatengenezwa. Kwahiyo kama Nane Nane ni Agosti, maandalizi ya chakula yaanze Mei masika yakiwa yanaishia, ongeza kidogo kila baada ya siku tatu nne, na siku ukiona shimo la kushoto limejaa rudi hatua moja nyuma ukae hapo wiki.

Majani kwanza, pumba baadae. Asubuhi asiguse pumba na tumbo tupu, apate kwanza majani marefu makavu kiasi, hei au majani ya tembo yaliyonyauka, atafune, mate yatoke. Ng'ombe mkubwa anatoa mate lita mia na zaidi kwa siku akiwa na majani ya kutafuna, na mate ndo dawa yake ya asidi na povu, hakuna ya dukani inayofikia. Angalau nusu ya chakula chake kikavu iwe majani. Wenye mashine za kukata majani, msikate mpaka yawe unga, vipande vya sentimita 3 mpaka 5 vinatosha. Na mahindi yapasuliwe tu au yasagwe ya chenga, sio unga wa ugali, unga unaleta povu sana. Pumba laini changanya na mashudu ya alizeti au ya nazi, na uloweshe kidogo kwa molasi vumbi lisipande.

Gawa pumba mara tatu au nne kwa siku. Kilo zilezile zikigawanywa hazimsumbui, zikipewa kwa mara moja jioni utaamshwa usiku. Chumvi na maji viwepo muda wote. Bekingi soda gramu 100 mpaka 200 kwa siku kwa ng'ombe mkubwa anayekula pumba nyingi inasaidia, kwenye pumba, ila isiwe sababu ya kuacha majani.

Kuhusu mikunde, watu wanaogopa yote kwa pamoja na wanakosa chakula kizuri bure. Lukina na desmodiamu zina tanini, hazileti povu kirahisi, ndo maana wafugaji wa milimani Lushoto wanalisha desmodiamu bila hofu. Lukina yenyewe usizidishe theluthi moja ya chakula kwa sababu nyingine, ina sumu ya mimosini inayonyofoa manyoya, na dume la maonyesho lisilo na manyoya mkiani utalipeleka wapi. Za kuogopa ni alfaalfa changa, kunde changa, na majani yoyote laini yaliyochipua baada ya mvua za vuli au masika ukiyakata yakiwa na umande. Yakate leo, yanyauke, uwape kesho, na wawe wameshakula hei.

Ipo pia monensini, inachanganywa kwenye chakula inapunguza gesi, wengine wanaleta kutoka nje. Inafanya kazi, lakini ipimwe na mtaalamu na isikaribie punda hata kidogo, punda na farasi wanakufa kwa kiasi ambacho ng'ombe hashituki. Kwa boma lenye ng'ombe na punda pamoja mimi ningeiacha.

Kama umefanya yote haya, daktari amepima hajaona chuma, koo zima, kifua kizima, na bado anajaa, kuna trokari ya skrubu, inazungushwa ubavuni na kuachwa wiki kadhaa gesi itoke yenyewe, au daktari anashona tundu dogo kabisa. Mtamba wengi wanapata nafuu hapo tumbo likipumzika na tundu linajifunga lenyewe baadae. Safisha kila siku kwa maji ya chumvi, paka dawa ya kufukuza nzi. Ila mwaka huo wa maonyesho umsahau, kumpandisha uwanjani na tundu ubavuni ni kumtesa kwa ajili ya kikombe. Na wale wanaojaa kwa kurithi wapo, udhaifu huu unatembea kwenye ukoo wa ng'ombe, kwahiyo dume la aina hiyo hata liwe zuri vipi usilitumie kupandisha.

Safari na uwanjani

Kanda yetu maonyesho yako Morogoro, kutoka Tanga kupitia Segera na Chalinze ni zaidi ya kilomita 300, na lori la ng'ombe haliendi kama basi. Kinachowapata wengi ni kwamba ng'ombe hapewi kitu siku ya safari asichafue gari, anafika na njaa, anamwagiwa pumba na ndoo ya maji, usiku wa kwanza uwanjani anavimba. Mpe hei njiani, hiyo ndo inamtuliza. Pumba zipunguzwe nusu kuanzia siku mbili kabla. Simama njiani ashushe pumzi na anywe maji, ukipata mteremko egesha gari kichwa chake kiwe juu.

Beba hei yako na pumba zako za siku zote mpaka kurudi, usitegemee za kule. Maji ya kule yana ladha nyingine na ng'ombe wanasusa, asiyekunywa maji chakula kinakauka tumboni. Ujanja ni kumzoesha nyumbani wiki mbili kabla maji yenye molasi kidogo, alafu kule unaweka molasi ileile hajui tofauti.

Kamba bandani iwe ndefu ya kutosha alale kwa kifua na kuinuka vizuri. Nimeona wanafunga fupi ili asichafue ubavu, ng'ombe analala vibaya, kichwa kimeninginia, akishindwa kujigeuza gesi inafungika. Sakafu yenye mteremko, mlaze kichwa upande wa juu. Mtu alale naye karibu, aamke usiku wa manane na alfajiri aweke mkono kwenye lile shimo la kushoto. Bomba, mafuta na ile namba ya daktari wa uwanjani viwe kwenye begi moja linalojulikana liko wapi, maana saa tisa usiku mtu na tochi ya simu hatafuti kitu kwenye mabegi sita.

Siku ya majaji kuna tabia ya kumjaza, anakoseshwa maji usiku alafu asubuhi anakunywa mengi na pumba ili tumbo lionekane limeshiba pande zote. Kwa ng'ombe mwenye historia ya gesi usithubutu. Mpe hei nyingi ya mapema, maji kawaida, jaji anayejua kazi yake anatazama mgongo, miguu na kiwele, na anajua tumbo la pumba na tumbo la hewa.

Mkirudi, siku tatu za kwanza hei na maji tu na pumba robo ya ile ya maonyesho, kisha mpandishe taratibu au umuache hapohapo kama msimu umeisha. Daftari liendelee. Na kama Morogoro hakujaa hata mara moja wakati nyumbani alikuwa anajaa kila wiki, usifurahi tu, kagua banda lako, kwa sababu kuna kitu anakipata nyumbani ambacho kule hakukipata, na mara nyingi kiko ndani ya hori au chini ya miguu yake.